Damu si kipimo

Mwanangu,

Umeniuliza kama matone ya kahawia uliyoyaona Ijumaa ni hedhi iliyowahi au ni mimba inayoharibika. Mama, damu hiyo haiwezi kukujibu. Damu si kipimo.

P2, ile dawa ya dharura ya kuzuia mimba uliyomeza Jumamosi tarehe 3, ni miligramu 1.5 za homoni kwa mpigo, na kazi yake ni kuchelewesha yai lisitoke. Homoni ikishapungua mwilini, ukuta wa mfuko wa uzazi humwaga damu kidogo kidogo: siku mbili tatu, pedi haijai. Hedhi nayo yaweza kuwahi au kuchelewa hata wiki. Lakini kama yai lilikuwa limeshatoka, dawa haikuwa na cha kuzuia, na matone yangekuja vilevile. Ndiyo maana hayakuambii kitu.

Mama yako mdogo wa Kayole aliona matone kama hayo, nami nikamwambia, hedhi hiyo, pumzika. Unakumbuka ile wiki mlilala kwa jirani? Alianguka kwenye ngazi za ploti, ameshika tumbo upande wa kushoto, bega linamuuma. Mimba ilikuwa imekaa kwenye mrija wa uzazi, si kwenye mfuko. Sisemi P2 huleta hayo. Haileti, wala yeye hakuwa ameimeza. Nasema tuliiamini damu. Mimi niliiamini.

Hedhi yako ulisema ni tarehe 17. Ukipima leo utapoteza pesa, ni mapema mno. Hata ukiona damu kidogo tena, pima tarehe 24, wiki tatu zikiwa zimepita, kwa mkojo wa kwanza wa asubuhi. Soma ndani ya dakika zilizoandikwa kwenye pakiti. Mstari unaojitokeza baadaye si jibu. Na kama mmekutana tena bila kinga tangu siku ile, P2 haikulindi kwa hilo, hesabu inaanza upya. Hukuniambia pia kama ulitapika kabla ya saa mbili kwisha tangu umeze, maana dawa ikitapikwa mapema haihesabiki.

Kuhusu kumeza mara ya tatu tangu Januari, nilikuwa ninyamaze. Mwili ni wako, na P2 haitakuharibu kizazi, hilo wanakudanganya. Ila koili ya kuzuia mimba... basi, tutaongea ukija.

Tumbo likikukata upande mmoja, bega likiuma, ukisikia kizunguzungu au pedi zikijaa mbili kwa saa, usingoje tarehe 24 wala ruhusa yangu. Nenda hospitali, unipigie ukiwa njiani.

Mama