Tajiri anatoaje mamilioni wakati kuna kikomo?

Ndugu, umeuliza matajiri wa Marekani wanamwagaje mamilioni kwenye kampeni ilhali sheria inaweka kikomo. Kikomo kipo kweli: mwaka 2024 mtu aliruhusiwa kumchangia mgombea urais dola 3,300 kwa kura za mchujo, na 3,300 nyingine kwa uchaguzi wenyewe. Basi. Lakini tangu hukumu za 2010, kamati huru ziitwazo super PAC hupokea fedha bila ukomo, mradi zisimpe mgombea wala kupanga naye matangazo. Elon Musk alipitishia huko zaidi ya dola milioni 250!

Ila linalonipa moyo ni hili: siku 60 za mwisho kabla ya uchaguzi wenyewe, tangazo la mgombea mwenyewe kituo cha televisheni hulitoza bei ya chini kabisa. Kamati hazina haki hiyo, na mara nyingi hulipa zaidi kwa sekunde 30 zilezile.