Nakala ya mkataba iko kwa nani?

Swali lenu la wiki hii linasema: mchezaji mwenye mkataba akitaka kuondoka na klabu ikamkatalia, nani mwenye haki? Wengi watajibu kwa kumtaja Feisal Salum, Fei Toto, aliyekuwa kiungo wa klabu ya Yanga, na mimi naanzia hapo hapo. Mimi ni Yanga tangu nipate akili. Desemba 2022 Fei Toto alipoingiza milioni 112 kwenye akaunti ya klabu na kuaga, nilichukia sana. Mkataba ulikuwa bado, na pale katikati timu ilikuwa inamtegemea yeye. Januari 2023 kamati ya Sheria na Hadhi za Wachezaji ya TFF, shirikisho la soka nchini, ilipotamka kwamba bado ni mchezaji wa Yanga, niliona imesema kweli. Mke anayerudisha mahari ili ajivue ndoa haishii kuyaweka tu mlangoni na kuondoka, kuna kadhi. Mkataba nao hauvunjwi na upande mmoja kwa kwenda benki.

Huo ndio msimamo niliokaa nao chini kuandika. Ila kabla ya kuuliza nani mwenye haki, mimi huuliza karatasi yenyewe iko kwa nani.

Msimu wa 2013/14 nilikuwa mtunza vifaa wa timu moja ya Ligi Daraja la Kwanza. Jina naliacha. Vijana walikuwa wanadai mishahara ya miezi mitatu. Tulikuwa na mechi ya ugenini Mbeya, Koasta imeshawashwa tangu saa kumi na moja alfajiri, na hakuna aliyepanda. Wamekaa kwenye korido ya gesti, mabegi yamefungwa, kimya. Hakuna aliyetukana wala kupiga kelele. Katibu akafika na bahasha na lile daftari kubwa la kaunta. "Wanangu, mfadhili ametuma kidogo, mengine tukirudi." Ilikuwa elfu thelathini kila mmoja.

Daftari nililishika mimi. Niliweka juu ya mfuko wa mipira, nikawa nawapitishia na kalamu. Safu ya kwanza jina, ya pili kiasi, ya tatu saini. Safu ya kiasi ilikuwa nyeupe kuanzia juu hadi chini. Katibu alisema ataijaza mwenyewe, gari linachelewa. Wote walisaini, mpaka tukafika kwa beki wetu wa kushoto, kijana wa miaka 20. Akashika kalamu, akaangalia, akaniuliza kwa sauti ya chini: "Kaka, hapa mbona hakuna kiasi?"

Nikamwambia: "Saini mdogo wangu, twende."

Akasaini. Mbeya tukatoka sare. Mwisho wa msimu hakuna kilicholipwa, kijana akaenda kulalamika kwenye chama cha soka cha mkoa. Wakamwomba mkataba. Hakuwa nao, alisaini nakala moja tu siku ya usajili, katibu akaondoka nayo, akaambiwa ya kwake italetwa. Haikuletwa. Klabu yenyewe ikaleta daftari. Safu ya kiasi ilikuwa imejazwa sasa, mishahara ya miezi mitatu kamili, na saini yake pembeni. Malalamiko yakaishia hapo. Sikuitwa kutoa ushahidi, na sikwenda mwenyewe. Kijana alirudi kwao, njumu zake akamwachia mama ntilie aliyekuwa anamdai chakula cha wiki kadhaa. Nilikuwa nikienda kula pale naziona zimetundikwa msumarini, juu ya ndoo ya maji.

Nimeandika kirefu kuhusu hili kwa sababu watu wakisema "mchezaji aheshimu mkataba", mimi naona lile daftari. Tangu 2018 kanuni za FIFA zinasema klabu ikishikilia mishahara ya miezi miwili kinyume cha haki, mchezaji aiandikie, aipe siku zisizopungua 15, isipolipa anaweza kuvunja mkataba na kosa linakuwa la klabu. Ni kanuni nzuri. Lakini kijana asiye na nakala, anayelipwa mkononi kwenye korido, ataandika akitegemea kitu gani? Chama cha wachezaji, SPUTANZA, kipo, lakini ni mwanachama wa TFF ile ile ambayo kamati zake ndizo zinazohukumu. Nani atamsimamia beki wa daraja la kwanza pale ndani?

Fei mwenyewe, pamoja na jina lake lote, ilibidi aombe michango ya wananchi ili apeleke shauri CAS, mahakama ya kimataifa ya michezo. Lilimalizika Juni 2023, baada ya Rais Samia, mbele ya watu Ikulu, kuiomba Yanga iyamalize, na siku chache baadaye Azam wakamtangaza. Kama staa wa Taifa Stars anahitaji neno la Rais, yule wa njumu msumarini alihitaji nani?

Kwa hiyo nasema hivi. Mchezaji anayelipwa kwa tarehe, kupitia benki, na nakala anayo mkononi, amalize mkataba wake au wakubaliane. Klabu ndogo zinazokuza vijana zinaishi kwa ada za uhamisho, na kila mtu akiondoka apendavyo zitakufa. Asiyelipwa asipande Koasta, hata kama ni siku ya mechi, na asisaini penye nafasi nyeupe. Kwa kipimo hicho Fei alikosea, maana Yanga ilikuwa inamlipa. Bado siku Azam walipomtangaza nilifurahi kwa ajili yake, na sikumwambia mtu yeyote kijiweni.