Je, sheria inalilazimisha kanisa kufungisha ndoa za jinsia moja?

Ndugu, umeuliza kama nchi ikishahalalisha ndoa za jinsia moja, kanisa nalo linalazimika kuzifungisha. Hapana. Ndoa ya serikali na ndoa ya kanisani ni mambo mawili. Tazama Uingereza: sheria ya 2013 iliyozihalalisha England na Wales ndiyo hiyohiyo iliyolizuia Kanisa la Anglikana la huko kuzifungisha. Madhehebu mengine hayafungishi mpaka yaridhie yenyewe. Denmark ni tofauti kidogo. Tangu 2012 ndoa hizo zinafungwa katika kanisa la taifa, la Kilutheri, ila mchungaji mmoja mmoja ana haki ya kukataa.

Mgogoro mkubwa, kwa maoni yangu, haukuletwa na serikali bali uko ndani ya makanisa yenyewe. Kanisa la United Methodist lilikaza marufuku yake ya ndoa hizo 2019, maelfu ya sharika za Marekani zikajitoa, na 2024 waliobaki wakaifuta. Roma nayo, Desemba 2023, iliruhusu mapadre kuwabariki wenzi wa jinsia moja nje ya ibada rasmi, ndoa haikuguswa. Wengi walisoma vichwa vya habari tu, wakadhani Papa ameruhusu ndoa.