Muulize Fundi: Bunduki ya maji na mtungi wa gesi

SWALI: Ami Fundi asalaam aleikum. Niko Malindi, Barani. Idd ilopita nilimnunulia mpwa wangu bunduki ya maji, ile ya kupampu, lakini maji yaishia karibu na mkono wachoka. Sasa kuna jamaa auza mtungi wa gesi, ule wa mashine ya soda, nikawaza nitoe pampu, nifunge kipande cha paipu ya PVC kiwe tangi la gesi halafu niunge na hosi. Itakubali? Na maji yatafika mita ngapi?
Mjomba Mtu, Malindi

JIBU: Waaleikum salaam mwanangu. Kukubali itakubali, mara ya kwanza. Ya pili sijui.

Huo mtungi wa soda ni kaboni dayoksaidi, na kwenye nyuzijoto 20 ndani mna presha ya kama baa 57. Tairi la gari ni baa 2 na kitu. Na hapo ni kivulini, maana ikipita nyuzi 31 ile gesi haikai tena kama maji ndani ya mtungi, presha yapanda mbio, na wewe wajua jua letu la mchana, sasa uiachie kwenye plastiki ya toi kweli? Usiniambie pia utaweka regulata ya jiko, ile haikutengenezwa kwa presha hiyo.

Lakini kinachonitisha zaidi ni hiyo PVC. Paipu imeandikwa namba ya presha, sawa, lakini hiyo ni ya maji, tena maji baridi, kwenye nyuzi 43 hivi nguvu yake yabaki kama nusu. Maji hayabanwi, kwa hivyo paipu ikipasuka presha yafa palepale, walowa basi. Gesi yabanwa, na ikipata mwanya yatanuka kwa kishindo na PVC haichaniki, yavunjika vipande vikali kama chupa. Na anayeishika ni mtoto, kaiweka usawa wa uso.

Halafu faida yenyewe ndogo. Ukiongeza presha mara mbili, kasi ya maji haiwi mara mbili, yapanda kama mara 1.4 tu. Baa 3 zatoa maji kwa mita 24 hivi kwa sekunde, na kama kusingekuwa na hewa yangefika mita 60, ila hewa ipo, mkondo wakatikakatika ukawa matone na matone hayaendi popote. Presha ikizidi ndio yakatika mapema. Kwa hivyo angalia tundu la mbele kwanza, liwe laini halina kikwaruzo, na lipanue kidogo, mkondo mnene wafika mbali, ila tangi litaisha haraka na mtalaumiana.

Ulichowaza sawa ni kutaka presha isishuke. Kwenye toi ya hewa, maji yakipungua hewa yapata nafasi, presha yaanguka, ndio maana mwisho maji yadondoka tu miguuni. Lonnie Johnson, yule injinia Mmarekani aliyefanya kazi NASA, wazo la bunduki ya maji ya presha lilimjia 1982 akijaribu mtambo wa kupoza, toi ikaingia sokoni 1990, na baadaye kwenye Super Soaker CPS 2000 ya 1996 watengenezaji nguvu wakaitoa kwenye mpira unaojazwa maji, ukijivuta kurudi wasukuma kwa nguvu ileile karibu mpaka mwisho.

Mpira kwetu si shida. Nenda kwa fundi baiskeli umwombe tyubu kuukuu isiyo na kiraka, kata kipande, upande mmoja ukunje ufunge na blada, mwingine uvishe kwenye hosi baada ya pampu na kabla ya trigga, nao ufunge na blada hivyohivyo. Pampu iache, ndiyo itajaza. Ikiwa laini sana vika tyubu ya pili juu. Ikipasuka mtacheka. Machoni msilengane hata hivyo.

SWALI: Fundi, watoto hapa Lamu wajaza maji ya bahari, yaharibu?
Mama Watatu, Langoni

JIBU: Plastiki haina neno, springi ya trigga ndiyo itakayoliwa na kutu. Wakimaliza pitisha maji ya bomba tangi zima.