Compton ni kweli kama tunavyoiona kwenye video?

SWALI: Mambo vipi mhariri, hivi Compton ya marapa ni mtaa wa Los Angeles au mji? Na ni kweli ukivaa nyekundu unakula shaba?

JIBU: Poa mdau. Ni mji kabisa, una meya wake, uko kusini mwa Los Angeles. Wengi wanadhani ni magorofa yamebanana kumbe ni vinyumba vya chini vina majani mbele, na miaka ya 40 karibu wakazi wote walikuwa wazungu. Weusi walipoanza kununua nyumba wazungu wakahama, baadae viwanda vya matairi na magari vya ukanda ule vikafungwa, vijana wakabaki kitaa hawana ishu, miaka ya 80 ikaingia kokeini ya kuvuta basi ikawa balaa. Kulikuwa na magenge mawili ya mtaani, Crips rangi yao bluu, Bloods nyekundu, na Bloods chanzo chao ni vijana wa Piru Street hapohapo Compton. Enzi hizo kofia tu ya rangi ya wapinzani ilikuwa inakuponza kweli. Ubabe wa kwenye video mwingi ni biashara bwana, mauaji yamepungua sana kulinganisha na mwanzo wa miaka ya 90, na siku hizi wakazi wengi pale ni Walatino.