Babu alipigana Bama: nianzie wapi?

SWALI: Marehemu babu alikuwa askari wa Keya katika Vita Kuu ya Pili, akaenda Bama (Myanmar ya leo). Tumebaki na nishani moja na cheti chakavu. Tutajuaje alikuwa kikosi gani? (Msomaji, Songea)

JIBU: Acheni nishani kwanza. Nyota ya Bama, yenye utepe wa buluu iliyokoza, mstari mwekundu katikati na rangi ya chungwa kando, ilitolewa bila jina. Inathibitisha mahali tu.

Cheti ndicho mali. Kipigeni picha kwenye mwanga wa jua wa ubavuni, wino uliofifia huonekana, na msikipake plastiki. Tafuteni namba ya askari na maandishi kama 26 (TT) KAR. KAR ndiyo Keya, yaani King's African Rifles, na 26 ni namba ya batalioni. TT ni Tanganyika; K ni Kenya, U Uganda. Batalioni za 26 na 36, zote za Tanganyika, zilikuwa Bama mwaka 1944 katika Divisheni ya 11, bonde la Kabaw hadi mto Chindwin.

Mkishapata batalioni, ombeni shajara yake ya vita katika Nyaraka za Taifa za Uingereza, Kew, fungu WO 172. Itawaonyesha kikosi kililala wapi siku kwa siku, ila askari wa kawaida hatajwi kwa jina mara nyingi. Inauma, lakini ndivyo makarani walivyoandika.

Kwa ndugu waliofia huko, orodha ya Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ni bure mtandaoni. Jaribuni kuandika jina kwa namna tofauti, kama Saidi, Saide na Seid; wengi hukwama hapo. Namba ya askari haibadiliki.