Chai Yangu Ilivimba, Haikuota Mizizi

Juzi dada mmoja wa Mufindi kaniandikia: vipandikizi vyake 400 vya chai, yaani vipande vya tawi vya kuoteshea miche, vina miezi mitatu, majani bado mabichi, chipukizi hakuna. Nikamwomba ang'oe kimoja anitumie picha. Nilipoiona niliumia. Chini ya kipandikizi palikuwa na bonge jeupe kama bisi. Mzizi, hakuna hata mmoja.

Bonge hilo nalifahamu. Mwaka 2019, hapa Rungwe, nilipoteza viriba 600 (vile vifuko vya kuoteshea miche) kwa namna hiyo hiyo. Hela ya viriba na nailoni nilikopa kwenye kikoba, na mzee mmoja wa ukoo akasema mbele ya watu kwamba mkono wangu haufai kwa miti. Neno hilo linaniuma mpaka leo, maana mkono haukuwa na kosa. Udongo niliuchota palipokuwa jiko la bibi: mweusi, laini, unatamanisha. Kumbe ni majivu ya kuni ya miaka na miaka. Majivu yanaua tindikali ya udongo, na chai inataka pH (kipimo cha tindikali; namba ikipanda, tindikali imepungua) ya 4.5 hadi 5.5 hivi. Ikizidi sana, kidonda cha kipandikizi kinavimba tu bila kutoa mizizi.

Mbegu nazo nilizijaribu. Zinapandwa zile zinazozama majini, tena mapema, maana zikikauka zimekufa. Ziliota vizuri, ila kila mche ulikuja na tabia yake. Sisi tunaotaka shamba linalochumwa kwa mkupuo, njia ni vipandikizi.

Mwaka huu kati ya 1,000 vimeshika 870. Ndiyo, najivunia! Nakata asubuhi, sehemu ya katikati ya tawi, jani moja na kipande cha shina cha vidole viwili chini yake, kisha moja kwa moja kwenye ndoo ya maji. Sehemu ya juu ya kiriba naijaza udongo wa chini, ule wa kuchimba hadi magotini, usio na mboji. Nafunika nailoni chini ya kivuli, na sifunui kila siku kuchungulia.

Ndugu zangu, udongo kwanza. Upimeni kabla ya kununua kiriba hata kimoja. Msidanganywe na weusi wake. Udongo kwanza!

Dada nilimuuliza wake kautoa wapi. Palipochomwa tanuri la matofali, kasema. Nimemwambia avimwage vyote, viriba avitunze.